Bao Halizuii Presha

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna itikadi isiyopingwa ila na mtu asiyejua hata kutakata, yaani kucheza bila kula: mcheza bao hazeeki akili. Ukiuliza ushahidi, hauko mbali. Utaonyeshwa mzee wa miaka themanini na ushei ambaye anainua kete, anatazama ubao mara moja, na tayari anajua mkono wake utazunguka mara ngapi na utalala shimo gani, ilhali wewe bado unahesabu shimo la pili kwa kidole. "Mwalimu, bongo la mzee limenolewa na bao hili," huniambia jirani yangu fundi cherehani, kisha ananikodolea macho akingoja nimbishie.

Nimesomesha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo maswali ya mwili yote huletwa kwangu, kuanzia vigimbi vinavyobana hadi ndoto. Hili la bao limenichukua muda kulisoma kuliko mengine, kwa sababu nami ni mchezaji na jibu nililipenda kabla sijalitafuta.

Kwanza bao lenyewe tulipe haki yake. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anamaliza namua, yaani kuingiza kete za mkononi, ndipo aingie mtaji, wa kucheza na zilizoko ubaoni, na kila anapokula, ubao mzima hubadilika sura. Mholanzi Alexander de Voogt alikuja Zanzibar kukaa na mabingwa wetu, na mwaka 1995 akapata udaktari wake Leiden kwa tasnifu juu ya ubingwa wa bao na mipaka ya akili ya binadamu. Hakuna aliyewahi kukaa mbele ya bingwa halisi akatilia shaka kwamba kichwani mwa yule mtu kuna kazi kubwa inafanyika.

Ila je, kazi ile inamsaidia anapotoka barazani? Akumbuke alipoweka funguo, jina la mjukuu, bei aliyopatana na muuza samaki?

Jibu la mwanzo lilitoka kwenye mchezo mwingine. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Marekani, walimwonyesha bingwa wa sataranji, ambayo vijana huiita chesi, ubao wenye mchezo uliofika katikati. Walimwachia sekunde tano, wakaufunika. Bingwa aliupanga upya kwa sehemu kubwa, wakati mchezaji mchanga alikumbuka vipande vichache tu. Kisha wakafanya ujanja: wakatawanya vipande ovyo, mpangilio usioweza kutokea katika mchezo wowote. Hapo ubingwa ukayeyuka, bingwa na mchanga wakawa karibu sawa. Kumbe hakuwa na kumbukumbu kubwa kuliko ya wenzake. Alikuwa na hazina ya sura za mchezo alizozikusanya miaka mingi, na hazina hiyo hufanya kazi ndani ya sataranji tu.

Hilo limejirudia mara nyingi lilipopimwa. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake, wakishirikiana na BBC, walichapisha matokeo ya watu 11,430 waliofanya mazoezi ya akili kwenye kompyuta kwa wiki sita. Walipanda sana katika yale mazoezi waliyoyafanya. Walipopewa majaribio mengine, hata yanayofanana nayo, hawakupanda kwa kiasi cha kutajika. Kampuni moja ya Marekani, Lumos Labs, wenye programu ya Lumosity, walikuwa wakitangaza kwamba michezo yao inazuia kusahau kwa uzeeni. Mwaka 2016 walikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo kuwatuhumu kwamba hawakuwa na ushahidi.

Sitaki kuficha ule upande mwingine. Kuna jaribio kubwa la Marekani liitwalo ACTIVE, lililochukua watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi, wakagawanywa kwa bahati nasibu: kundi la kumbukumbu, kundi la kufikiri kwa mantiki, kundi la kasi ya kuona na kutambua, na kundi lisilofundishwa chochote. Kila lililofundishwa lilipata nafuu katika somo lake na si la mwenzake. Lakini baada ya miaka kumi, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wale wa kasi walipatwa na ugonjwa wa kusahau kwa hatari iliyopungua asilimia 29, ukilinganisha na wasiofundishwa. Wataalamu bado wanavutana juu ya hesabu hiyo. Mimi naipa heshima yake, nikikumbusha tu kwamba mazoezi yale yalikuwa ya kompyuta, ya aina moja maalumu, na wala hayafanani na bao, karata au chemshabongo za gazetini.

Kwa hiyo fundi cherehani hajashinda. Bao linakufanya mjuzi wa bao.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo halichezwi barazani. Ubongo una uzito wa karibu kilo 1.4, sawa na asilimia 2 ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote tunayoitumia tukiwa tumetulia. Hauna ghala. Chakula chake na hewa yake hufika kwa damu, dakika kwa dakika, kupitia mishipa ambayo mwishoni inakuwa myembamba kupita unywele. Ukipitisha maji ya nguvu kwenye mpira mwembamba wa bustani mwaka baada ya mwaka, mpira hukakamaa na kupasuka penye udhaifu. Presha huifanyia mishipa ile vivyo hivyo. Wengi tunakijua kiharusi kikubwa, kile cha kuanguka na mdomo kwenda upande. Visivyojulikana ni vile vidogo vidogo, ambavyo mtu havimwangushi wala havimuumi. Kila kimoja hunyofoa kipande kidogo cha ubongo, na familia hushtuka baada ya miaka, mzee ameanza kuuliza swali lile lile mara nne.

Presha inayodhuru ubongo zaidi si ya uzeeni. Ni ya umri wa kati, kuanzia miaka arobaini hivi, wakati mtu ana nguvu zake na haoni sababu ya kwenda zahanati.

Ushahidi kwamba kuishusha presha kunausaidia ubongo ni wa majaribio, si wa kukisia. Marekani walichukua watu zaidi ya 9,300 wenye miaka 50 na kuendelea na wenye presha. Nusu wakatibiwa mpaka namba ya juu ishuke chini ya 140, nusu mpaka chini ya 120. Jaribio lilikatishwa mapema, mwaka 2015, kwa kuwa faida kwa moyo ilikuwa imekwisha kuonekana. Matokeo ya ubongo yalitoka Januari 2019: kule kupungukiwa na akili kwa kiasi, kunakotangulia ugonjwa wenyewe wa kusahau, kulipungua kwa asilimia 19 kwa waliotibiwa zaidi. Kwa ugonjwa wenyewe tofauti haikutosha kuthibitishwa, kwani muda ulikuwa mfupi.

La China ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu linafanana na kwetu. Vijiji 326, watu 33,995 wenye presha. Katika nusu ya vijiji, kazi ya kupima, kuandika dawa za bei nafuu na kuzifuatilia ilikabidhiwa kwa wahudumu wa kijijini wasio madaktari kamili, wakisimamiwa na daktari. Nusu ya pili wakaendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miaka minne, ripoti iliyotoka mwaka 2025 ilisema wagonjwa wa kusahau walipungua kwa asilimia 15 katika vile vijiji vya wahudumu. Dawa zenyewe ni zile zile za kawaida. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu anayebisha hodi kuuliza umemeza au hujameza.

Na sisi hapa? Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa miaka 70 na zaidi wakakuta karibu saba katika kila kumi wana presha, na wachache mno ndio waliokuwa nayo katika kiwango salama. Barazani kwetu hali ni hiyo hiyo, nadhani. Fundi aliwahi kuandikiwa dawa. Alimeza, namba zikashuka, akaacha. "Nimepona, mwalimu, nimeze tena za nini?" Namba zilishuka kwa sababu ya dawa, ukiiacha zinapanda. Nimemweleza mara nyingi, naye hunijibu ubaoni, kwa kuninyima nafasi ya kula.

Hai ina jambo jingine, na hapa naomba msomaji anivumilie kwani ni la kitaaluma kidogo. Vipimo vya akili vinavyotumika hospitalini vimetoka nchi ambazo kila mzee alisoma. Mgonjwa anaambiwa atoe saba kutoka mia, kisha saba tena, na tena. Anaambiwa aandike sentensi. Anapewa kalamu anakili michoro ya pembe tano inayoingiliana. Bibi ambaye maisha yake yote alishika jembe na mwiko, hajawahi kushika kalamu, atafeli hapo, na mwenye kumpima ataandika kwamba akili imepungua. Nilisahihisha mitihani maisha yangu yote. Mtihani wa namna hiyo ningeurudisha kwa aliyeutunga.

Kwa hiyo watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anakumbushwa maneno kumi aliyotajiwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaeleza daraja ni kitu gani, anapanga njiti za kiberiti kwa umbo alilooneshwa. Kila kitu ni cha kijijini. Ni katika wilaya hiyo hiyo walipowapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea na kukadiria kwamba asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Ule usemi kwamba ugonjwa huo ni wa Wazungu ufe hapo.

Tena wengi wa familia zao walidhani ni uzee wa kawaida. Bora hao. Kwingine nchini, bibi anayetoka usiku asijue arudi wapi, akakutwa uani kwa jirani anaongea peke yake, hapelekwi hospitali. Anaitwa mchawi, na tunajua yaliyowapata vikongwe wengi wa nchi hii kwa jina hilo. Nasema waziwazi: baadhi yao walikuwa wagonjwa.

Mimi kama mwalimu lazima niseme neno kuhusu shule. Mtu aliyesoma utotoni hupatwa na kusahau kwa kuchelewa, na hili limeonekana nchi baada ya nchi. Mmarekani David Snowdon alifuatilia masista 678 wa shirika moja la Kikatoliki waliokubali ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Baadhi ya bongo hizo zilikutwa zimejaa alama za ugonjwa wa Alzheimer, na wenyewe walikuwa timamu hadi mwisho. Ugonjwa ulikuwapo, lakini walikuwa na akiba ya kuuhimili. Akiba hiyo huanza kuwekwa kabla ya shule: mtoto akiwa tumboni, mama akikosa madini joto, ubongo wa mtoto haujengeki ipasavyo na haurekebishiki baadaye. Pakiti ya chumvi yenye madini joto jikoni imefanya kazi kwa akili za watoto wa nyanda za juu kuliko masomo ya ziada yote niliyowahi kufundisha.

Masikio je? Barazani kwetu alikuwapo mzee mmoja, bingwa wa nyakati zake, ambaye alianza kuja mara moja moja, mwishoni akabaki nyumbani. Watu walisema anajitenga, ana maringo ya uzee. Alikuwa hasikii. Mtu asiyesikia hutumia akili nyingi kuokoteza maneno, huchoka, huona aibu ya kusema "eti?" kila mara, kisha hujitoa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023 liliwapa nusu ya wazee 977 vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa jumla ya wote, tofauti haikuonekana. Lakini kwa wale ambao tangu mwanzo walikuwa katika hatari zaidi, akili ilipungua polepole, karibu nusu ya kasi ya wenzao, ndani ya miaka mitatu. Vifaa hivyo ni ghali kwetu, na hilo ni la serikali na bima kulijibu. Kusafisha nta iliyoziba sikio, kwa upande mwingine, si ghali, na kunafanyika hospitali ya wilaya.

Kutembea nitakupitisha haraka maana unajua tayari. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walieleza jaribio la wazee 120: nusu walitembea dakika arobaini mara tatu kwa wiki, nusu wakajinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo ndiyo mlango wa kumbukumbu mpya, ilikua kwa asilimia 2 kwa waliotembea na kusinyaa kwa wasiotembea. Usingizi nao ni wa lazima. Vijana wanaokesha na vinywaji vya kuongeza nguvu kabla ya mtihani wanajinyima saa zile zile ambazo ubongo hutumia kuyahifadhi waliyoyasoma.

Na vidonge? Kila mara nakutana na tangazo la vidonge vya mitishamba vya kuongeza kumbukumbu. Maarufu zaidi duniani ni ginkgo. Waliijaribu Marekani kwa wazee 3,069, kutwa mara mbili kwa miaka, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba haikuzuia kusahau hata kidogo. Fedha hiyo nunua dagaa na mboga za majani.

Vijana wa bodaboda nao wamo humu, ingawa hawatapenda. Kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 kwa waendesha pikipiki wanaopata ajali. Kuining'iniza kwenye usukani hakupunguzi kitu. Na abiria wa bodaboda, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi, anapakiwa kichwa wazi.

Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyakusanya mambo ya namna hii, ikayataja 14: elimu ndogo, presha, kutosikia, kutoona vizuri, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji, pombe, unene, kutofanya mazoezi, sonona, upweke, majeraha ya kichwa na hewa chafu. Kwa makadirio yao, yote hayo yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wa kusahau duniani wasingekuwapo au wangechelewa kuugua. Hesabu hiyo ni ya watu wote kwa jumla. Haimwahidi mtu mmoja mmoja kitu. Wapo waliofanya yote wakaugua, na asilimia 55 iliyobaki inatokana na umri, kurithi na mambo mengine.

Upweke umo kwenye orodha hiyo, na hapo ndipo bao linaporudishiwa heshima yake. Hai walijaribu pia kuwakusanya wagonjwa 34 wa kusahau katika vikundi, vikao 14 kwa wiki saba, kwa mazungumzo na shughuli walizozizoea. Walipata nafuu ya akili na ya maisha. Lilikuwa jaribio dogo, lakini halikuhitaji kompyuta wala dawa, ni watu kukaa na wenzao. Bao linamtoa mtu nyumbani, linamtembeza mpaka barazani, linamtania na kumkasirisha. Kwa hayo naliunga mkono. Kwa kunoa bongo, hapana.

Mimi na wenzangu barazani tumechanga, tukanunua mashine ya presha ya kufunga mkononi. Inakaa kwa fundi cherehani, ambaye sasa anapima watu wote na bado dawa zake anazimeza kwa kusukumwa. Nawe uliyefika miaka arobaini, iwe unacheza bao, karata au huchezi chochote, nenda zahanati iliyo karibu ukapime. Kaa kimya dakika tano kabla, usiwe umetoka kunywa kahawa. Ikizidi 140 kwa 90, rudi upimwe siku nyingine. Ikirudia hivyo, msikilize daktari, na ukiandikiwa dawa usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.